Siku Tuliyopelekwa Lilongwe Kuona Kazi

Mwalimu wetu wa kipindi cha kazi alikuwa Mmalawi, dada kijana aliyekuja kwa baiskeli kwenye kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka kila Ijumaa kutufundisha sisi wa sekondari. Kipindi chake hakikuwa na mtihani, kwa hiyo wazazi wengine walikidharau. "Batoto banafundishwa kazi gani," baba mmoja wa Uvira alimwuliza mlangoni, "na sisi wakimbizi haturuhusiwe kufanya kazi?" Mwalimu hakubishana naye. Alimkaribisha akae nyuma ya darasa, kisha akaendelea kutuuliza mmoja mmoja tunataka kufanya nini maishani. Aliyechelewa kujibu alimsubiri.

Mimi sikuchelewa. Nilisema nesi.

Tulipokimbia kijijini kwetu huko Fizi, vita vya kwanza vilipotufikia, mdogo wangu alishikwa na homa njiani. Mama alikuwa na mzigo kichwani na kitinda mimba mgongoni, kwa hiyo mdogo wangu nilimbeba mimi. Tulipofika kwenye zahanati tulikuta kufuli mlangoni; nesi alikuwa amekimbia kabla yetu. Mdogo wangu alikufa kabla hatujafika ziwani, akiwa bado mgongoni mwangu. Tulivuka Ziwa Tanganyika bila yeye, tukapita Tanzania hadi Malawi, na njia nzima nilijiambia kwamba nitakuwa nesi asiyekimbia. Sababu hiyo sikumwambia mtu. Nilidhani hata mama hajui.

Vita vya pili vilipokuwa vinaendelea kwetu, mwalimu alituombea ruhusa ya kutoka kambini siku moja, twende Lilongwe tuwaone watu wakiwa kazini. Alitaka mzazi mmoja wa kuwaangalia wasichana. Mama, aliyekuwa akishona magauni kwa mkono pale sokoni, aliweka sindano chini na kusema, "Mi nitaenda. Na mi nataka kuona."

Tulipanda lori la kanisa asubuhi. Mama alivaa kitenge chake cha Jumapili, akakaa katikati ya wasichana kama vile naye ni mwanafunzi.

Kwanza tulipelekwa hospitali. Tuliingia maabara, na bwana aliyevaa koti jeupe akaeleza jinsi malaria inavyotafutwa kwenye damu. Akaomba mtu atoe kidole. Rafiki yangu, msichana Mrundi asiyeogopa kitu, akanyoosha mkono. Bwana akachoma, akaminya. Tone likatokeza, jekundu, dogo kama punje ya mtama. Nilisikia masikio yangu yanavuma, harufu ya dawa ikanijaa mdomoni, na sakafu ikanijia.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa barazani, kitenge cha mama kikiwa kimekunjwa chini ya kichwa changu. Yeye alikuwa amebaki na sketi ya ndani na sweta, wala hakujali wapitao.

"Uko wapi?" akaniuliza.

"Hospitali."

"Ya wapi?"

"Lilongwe."

"Basi uko sawa."

Nikaanza kulia. "Mama, mi siwezi ile kazi."

"Kama huwezi, basi huwezi. Kazi iko mingi."

"Na mdogo wangu?"

Tangu ziwani hatukuwa tumemtaja. Mfagiaji alipita na ndoo yake, akatuzunguka taratibu asitulowanishe. Kisha mama akanifuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa najua," akasema. "Kila mara unasema nesi, nilikuwa najua ni juu ya yeye. Sikiliza. Ule nesi hakukuwako, ni kweli. Lakini we si ule nesi. We ulikuwa dada yake tu, na ile kazi ya dada uliifanya yote. Ulimubeba mupaka mwisho. Mi niliona."

Nililaza kichwa mapajani mwake, nikalia mpaka kilio chenyewe kikachoka. Mwalimu alitoka, akatutazama, akarudi ndani.

Mchana tulikwenda mtaa wa Kawale, kwenye kibanda cha fundi redio. Mwalimu alisema naweza kupumzika kwenye lori, lakini nilikuwa nimechoka kupumzika. Ndani, redio zilipangwa hadi darini, nyingine bila mifuniko, matumbo yao nje. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mchache wa maneno. Alionyesha waya uliokatika, akapasha moto chuma cha kulehemu, akauliza nani anataka kujaribu. Wavulana walitangulia. Wa kwanza aliunguza plastiki. Wa pili aliangusha chuma na wote tukaruka.

"We nenda," mama akaninong'oneza.

Nilishika chuma. Fundi akasema, "Pang'onopang'ono," yaani polepole, na mimi nikaenda polepole. Risasi ya kuungia waya ikayeyuka, ikang'aa, ikashika. Alipowasha, redio ilikwaruza, kisha ikatoa sauti ya mwanamume akisoma habari kwa Kichewa. Fundi hakutazama redio. Alitazama mkono wangu, akasema kitu.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Eti mkono wangu hautetemeki."

Mama alicheka kwa sauti kubwa hadi wapita njia wakachungulia.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alituuliza upya. Niliposema fundi redio, wavulana walicheka. Yeye akauliza ni nani ana redio iliyokufa nyumbani. Karibu darasa zima lilinyoosha mikono, na wale wavulana pia. Likizo ilipofika alinitafutia ruhusa, nikawa nakwenda kujifunza kwa yule fundi. Rafiki yangu Mrundi ndiye aliyekuja kuwa nesi, na nilifurahi kwa moyo mweupe.

Miaka ile kila mtu kambini alitaka kusikia habari za kwao, na redio hazikukaa nzima. Mama alinipa nusu ya meza yake sokoni. Watu waliniletea redio kisha wakasimama palepale wakisubiri, hasa waliokuwa na ndugu katika miji ya Uvira na Baraka. Wengine waliondoka na furaha. Wengine nilitamani redio zao zingebaki bubu siku moja zaidi.

Ya kwanza kuitengeneza bila msaada ilikuwa ya bibi mmoja Mrundi, jirani yetu. Nilimtafutia idhaa ya habari, nikidhani ndiyo anayoitaka. Akatikisa kichwa.

"Habari za vita nimeshiba, mwanangu. Nitafutie kwaya."

Nikazungusha kitufe hadi nikaipata, watu wakiimba kwa Kichewa. Maneno hakuyajua, lakini sauti ya pili ya wimbo ule wa kanisani aliifahamu, akaanza kuiimba pale pale mezani kwetu, na mama akaingia na ya kwanza.