Moto Niliousogeza

Niliipenda kazi ya kituo cha gesi kwa sababu ilikuwa karibu na kitanda changu. Mtu wa kidato cha nne anayeona Sondu, mji wa jirani tu, ni ng'ambo hawezi kusumbuka na kazi za mbali. Kituo chenyewe ni ua wa waya, vali mbili, geji za presha na kibanda, katikati ya miwa upande wa Muhoroni. Gesi inatengenezwa kutoka makapi ya miwa, inapita kwenye bomba chini ya ardhi, inaenda kiwandani. Mimi nasoma geji, naandika, nakunywa chai.

Mzee jirani alinicheka kila asubuhi akipeleka ng'ombe malishoni.

"Bwana mlinzi, upepo wako haujatoroka?"

"Bado upo, Mzee."

"Umeuhesabu?"

Alipofariki, nilisikia nduru nikiwa nanawa uso. Huku kwetu mwenye boma akifa, moto mkubwa huwashwa mbele ya nyumba yake. Tunauita magenga. Wanaume hulala kando yake siku zote za matanga. Na mlango wa mzee ulitazama bomba langu.

Nilipofika, magogo yalikuwa yamepangwa tayari, ndani ya vigingi vya njano ambako moto hauruhusiwi. Mjane alikuwa ameketi chini, mlangoni.

"Mama, pole sana. Lakini moto hapa... gesi ikivuja, tutaondoka wote."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa?"

"Kanuni haingoji ivuje, Mama."

Kaka wa marehemu akacheka bila furaha. "Huyu hajawahi kutoka kwake, leo amekuja kumfukuza mtu kwake!"

"Moto wa mwenye boma hauwekwi pembeni kama wa mgeni," mjane alisema.

Nilipiga simu kiwandani. Wakasema usogezwe, ama watume polisi. Polisi kwenye matanga! Nikabeba magogo mwenyewe, moja moja, hadi nyuma ya zizi la mbuzi. Hakuna aliyenisaidia. Huko ndiko moto wa mzee ulikowaka.

Tangu mazishi, kila alasiri nasikia harufu ya moshi kibandani. Natoka nje: hakuna anayechoma miwa. Kifaa cha kunusa gesi kinasema sifuri. Nimekibadilishia betri. Sifuri.

Juzi mkaguzi alikuja kutoka Kisumu, mama mwenye helmeti inayong'aa. Alisifu vali, akasifu hata mwandiko wangu. Akauliza kama majirani wana malalamiko. Kabla sijafungua mdomo, mjane alikuwa ameshika waya wa ua.

"Andika kwamba mume wangu anauliza nani alisogeza moto wake."

"Mume wako yuko wapi, Mama?"

Akaonyesha kidole mbele ya mlango wake. Mkaguzi akanigeukia.

"Ni mimi niliyeusogeza," nikasema.

"Nimeshamwambia ni wewe," mjane akasema. "Anataka kukusikia mwenyewe."

Mkaguzi akafunga faili yake polepole. Nikavua helmeti yangu, nikatoka getini. Mbele ya mlango, pale magogo yalipopangwa kwanza, nyasi zilikuwa zimekauka, duara kamili. Nilikuwa nimejiandaa kutetea kanuni.

"Mzee," nikasema, "niliogopa gesi kuliko nilivyokuogopa wewe. Nisamehe."

Jua lilikuwa limefunikwa na mawingu, lakini ardhi ilikuwa na joto hadi ndani ya buti zangu. Nikainua mguu mmoja.

"Ngoja," mjane akaniambia. "Hajamaliza."