Pini Niliyoisahau Ndani ya Satini

Aibu ni yangu, kwa hivyo chekeni tu, ila mnisikilize mpaka mwisho. Wakati ule nilikuwa nashonea watu nguo hapa Eldoret (Sisibo, wazee walivyouita mji), kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja, na nilikuwa na maringo kweli, kwa sababu memsahibu alinifundisha kuzungushia blanketi la mtoto ukingo wa satini, na laini nzima hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo.

Basi kaka yangu Wafula akapata mtoto wa kike na mke wake mpya, Roda. Mke wa kwanza, Nekesa, alikufa kwa homa miaka mitatu nyuma, na Roda aliishi nyumba ile ile, akipikia sufuria zile zile, akisikia watu wakimsifu marehemu (mimi nikiwa wa kwanza, Mungu anisamehe). Nikasema mtoto nitamshonea blanketi mwenyewe. Sasa satini inateleza kama sabuni, na mtu mwenye akili huipiga bandi kwanza, yaani huishikiza kwa mishono mirefu ya muda, ndipo ashone. Mimi nikaona bandi ni ya wanaojifunza, nikaishikiza kwa pini, nikashona mbio mbio siku ile ile ya kumpa mtoto jina, nikachomoa pini nilizoziona, nikakimbia nalo.

Ilikuwa saa tisa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, hata nyumba ya jirani hatukuiona. Nilipomfunika mtoto tu, akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikaisha, mdomo ukabaki wazi bila kutoa kitu, halafu akaanza tena. Kukhu, yaani bibi yetu, akasema kuna aliyekufa anataka jina lake, kwa hivyo tukaanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yetu, na yule atakayemnyamazisha mtoto ndiye mwenye jina. Majina yakaisha na mtoto bado analia. Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Nekesa bado hatujamtaja," huku nikiinama kulivuta blanketi likae vizuri.

Mtoto akanyamaza.

Roda akanitazama. "Sasa hata mtoto wangu unampea yeye?" akauliza, machozi yakaanza kumtoka.

Nikalitoa blanketi juu ya mtoto nilikunje, nipate tu pa kuweka macho, kitu kikanidunga kidole. Pini, ndani ya ukingo, pale pale lilipogusa shingo ya mtoto. Ningenyamaza, heshima yangu ya ufundi ingebaki. Lakini Roda alikuwa analia. Nikaiinua ile pini mbele ya watu wote, wateja wangu wakiwemo, nikasema aliyemliza mtoto ni mimi. Walicheka mpaka wakashikilia kuta, na tangu siku hiyo naitwa Mama Pini. Kukhu akasema jina lile halihesabiki, mtoto ataitwa Naliaka, jina la waliozaliwa wakati wa palizi.

Mtoto akalia tena.

Blanketi lilikuwa mkononi mwangu. Tukamvua nguo zote, tukazipekua mshono kwa mshono, hakuna kitu. Akapewa ziwa, akakataa. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Kicheko kilikuwa kimekwisha, sote tunamwangalia Roda na hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile, mpaka yeye mwenyewe akainama kwenye sikio la mtoto, akamwambia polepole, "Nekesa. Haya, kuja. Lakini mimi ndio mama yako."

Mtoto akanyamaza, akamtazama mama yake muda mrefu, akanyonya.

Nikisimulia mkasa huu huwa naishia kwenye pini, watu wacheke, yaishe. Niliapa kutoshona tena satini bila kupiga bandi, na kiapo hicho ni rahisi. Kigumu ni kutotaja marehemu ovyo ovyo. Maana yule mtoto alipoanza kuongea hakuniita shangazi. Aliniita wifi, vile marehemu alivyokuwa akiniita, na mimi, kabla sijafikiri, niliitika.