Kinu cha Siku ya Saba

Kang'!

Mchi wa shaba ukigonga ubavu wa kinu cha shaba, pigo moja, kisha mlio ukibaki hewani mpaka uchoke wenyewe. Wagdi alikuwa akiamka na sauti hiyo. Ilitoka mbali, kwenye sherehe ya siku ya saba tangu azaliwe binti yake Riham, alipolazwa ndani ya chekeche katikati ya sebule hiihii, mishumaa ikiwaka na chumvi imenyunyizwa hadi ngazini. Mila ilitaka bibi ndiye agonge kinu. Lakini Esmat, mama wa mtoto, alimnyang'anya mama yake mchi akainama karibu na sikio la mwanawe. Kang'! "Msikilize mama yako!" Kang'! "Usimsikilize baba yako!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na Wagdi, aliyekuwa mlangoni na sinia la peremende, alicheka nao.

Esmat alifariki mwishoni mwa majira ya baridi. Tangu hapo Wagdi aliishi kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, ila ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Hakulia kwenye hema la matanga. Watu wa mji wa Tanta, Misri, walimjua kwa dengu za kukaanga na halua alizouza maisha yake yote ya kazi, na kwa vidole vyake vilivyofunga kifurushi cha karatasi huku macho yakiwa kwa mteja mwingine. Siku hizi alikula ful yake, maharage ya asubuhi, akiwa amesimama jikoni. Chai aliiacha ipoe, akainywa hivyohivyo. Hakuhamisha kitu. Miwani ya mkewe ilibaki juu ya jokofu, pale alipoiweka mwenyewe. Jina lake hakulitaja tena. Akilazimika alisema "marehemu", au "mwenye nyumba".

Kitu pekee kilichomfikia bado ni simu ya Riham kutoka Malmö, Uswidi, nayo ilikuwa ikikatika. Uso wa binti uliganda kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Kisha giza. Wagdi hakuudhika. Aliutazama uso ule ulioganda akaona unafanana na wake.

Halafu Riham akajifungua.

"Baba, Ijumaa ni siku ya saba," alisema kwenye simu, nywele zimefungwa hovyo, mtoto kifuani. "Nataka kinu cha mama."

"Kinu kiko huku, mwanangu."

"Na wewe uko huko. Utakigonga mbele ya simu, mimi nitaiweka simu yangu sikioni kwa mtoto. Mama mkwe kashaanza kuniandama. Anasema intaneti yenu haina maana, yeye atagonga sufuria."

"Sufuria gani?"

"Hizi za huku, Baba! Nyepesi, zinalia kama kopo tupu. Mwanangu aanze maisha kwa sufuria ya kuchemshia mayai? Mama angenizomea mpaka nikimbie. Nakuomba, Baba, hiyo waifai itengenezwe kabla ya..."

Uso ukaganda.

Kisanduku cha intaneti, ruta, kilikaa kwenye chumba cha wageni, ndani ya kabati la vioo, kwa kuwa waya wa simu uliingilia pale. Esmat ndiye aliyekiweka, kati ya vikombe vya harusi na vyombo vya shaba. Kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya macho ya watu, alikifumia kivazi cheupe cha uzi chenye vifungo mgongoni, kama alivyoifumia televisheni na redio. Tangu afariki, Wagdi alikuwa amelifunga kabati lile na hajaligusa. Mtandao ukikata, alichomoa plagi ukutani, akangoja, akairudisha. Taa za kijani zilichungulia tena kwenye matundu ya uzi. Baba na binti wakazungumza kidogo, kisha taa zikazimika.

Safari hii akaipigia kampuni. Muziki ulilia muda mrefu, halafu akatokea kijana mwenye sauti ya kusinzia.

"Umezima ukawasha, mzee wangu?"

"Nimezima nikawasha."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka mpaka zinapochoka."

Kijana akacheka kidogo. "Basi ngoja niiangalie laini yenyewe. Imesajiliwa kwa jina la nani?"

Wagdi akafungua mdomo. Nje mtu alikuwa akiuza vitunguu kwa kipaza sauti.

"Haloo? Mzee wangu, upo? Jina la mwenye laini tu."

Wagdi akakata simu, akaiweka kifudifudi mezani, akaenda kunywa chai yake iliyopoa.

Mama Tamer, jirani wa ghorofa ya juu, ndiye aliyekuwa redio ya ngazi ile. Alishuka na sahani ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, akaiweka jikoni bila kuulizwa.

"Umekonda, Hajji. Na huo mtandao wako unanyonywa. Jengo zima lina nywila yako. Esmat alikuwa anaigawa kama chumvi."

"Na wewe unayo?"

"Mimi ni jirani! Mimi sihesabiwi."

Aliposikia habari ya kinu, alitoka, akaegemea ukingo wa ngazi, akaachia sauti yake yote.

"Enyi wa chini! Ijumaa baada ya alasiri, atakayegusa waifai ya Hajji Wagdi nitamfuata hukohuko kitandani kwake! Mjukuu wa Esmat ana siku ya saba!"

"Na mechi je, Mama Tamer?" mwanaume aliuliza kutoka chini.

"Kaione mkahawani, mvivu wewe, ununue na chai ya watu!"

Alhamisi walijaribu. Jengo zima lilitii, simu za wote zikazimwa waifai. Uso wa Riham ulikuja safi. Wakazungumza juu ya kitovu cha mtoto, juu ya baridi ya huko, juu ya Bassem, mumewe, aliyesahau kununua mishumaa. Kisha mdomo wa Riham ukaganda katikati ya neno, na taa ndani ya uzi mweupe zikafa moja baada ya nyingine.

Wagdi alikaa akiishika simu iliyokuwa kimya.

"Mwambie mama mkwe aoshe sufuria," aliiambia.

Ijumaa Mama Tamer alikuja mapema, na mifuko midogo ya dengu na peremende kwa watoto wa jengo.

"Kinu kiko wapi?"

Wagdi akalionyesha kabati kwa kidevu.

"Fungua mwenyewe. Kabati si langu," Mama Tamer alimwambia.

Akafungua. Kinu kilikuwa nyuma kabisa, na mkono wake ulipopita kando ya ruta, joto lilimpiga kiwikoni. Mama Tamer aliona alivyoshtuka. Akapeleka kiganja.

"Yallah! Hajji, hiki kitu kina homa! Ungeweza kukaangia dengu zako hapa."

"Ndivyo alivyokiweka."

"Ndivyo alivyokiweka wakati wa baridi. Kukipambazuka analiacha kabati wazi, mimi mwenyewe nilikuwa namuuliza, huogopi paka? Na jua likianza kukaza anakivua hicho kivazi, anakifua, anakianika hapo dirishani. Hukuwahi kukiona?"

Wagdi alijaribu kukumbuka. Aliona dirisha. Kitu cheupe kwenye kamba, labda. Nguo nyingi zilikuwa zikipita kwenye kamba ile.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Umelifunga kabati, basi. Kitu kimekosa hewa."

"Nikivue?"

Mama Tamer akageukia mifuko yake ya dengu, akaanza kuipanga upya ingawa ilikuwa imepangika.

Vidole vilivyofunga vifurushi maisha yote vilihangaika na vifungo vile vidogo. Cha mwisho kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kivazi kilipotoka kilikuwa na joto, kama nguo mtu aliyoivua sasa hivi. Wagdi akasimama nacho. Alingoja kitu kimjie, machozi au hata hasira. Hakikuja. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti, na ruta akaiweka mezani karibu na dirisha, nyeusi, ndogo, uchi.

Baada ya alasiri simu iliita. Riham alikuwa na gauni jeupe, na mtoto amelala kwenye chekeche lililofungwa utepe. Nyuma yake Hajja Inaam, mama yake Bassem, alikuwa ameshika sufuria kwa mkono mmoja na kijiko cha mbao kwa mwingine.

"Karibu, Abu Riham!" aliita. "Mimi niko tayari hapa, ikikata tu!"

"Haikati," alisema Mama Tamer, akijisukuma mbele ya kioo. "Weka hicho chombo chini, dada, usije ukachemsha mayai bure."

Walicheka kule, wakacheka huku. Wakaongea, na mazungumzo yakarefuka kupita pale yalipozoea kufia. Uso wa Riham haukuganda. Akaishusha simu polepole mpaka kioo kizima kikawa sikio dogo jekundu.

"Haya, Baba."

Wagdi akainua mchi. Kang'!

Mlio ukajaa sebuleni, ukatoka ngazini. Chini mtu akapiga kigelegele. Kang'! Vigelegele viwili, vitatu, jengo likaitika. Wagdi aligonga tena, na tena.

"Baba?" Uso wa Riham ukarudi. "Mbona huanzi?"

"Nagonga, mwanangu."

"Tunauona mkono unapanda na kushuka. Hatusikii kitu."

Akagonga kwa nguvu zote. Vikombe vya harusi vikatetemeka kabatini. Riham akatikisa kichwa. Bassem akaingiza uso wake pembeni.

"Ni simu, Ami. Inadhani ni kelele, inazichuja. Nabonyeza kila mahali, haikubali. Inapitisha sauti ya mtu tu."

"Sasa?" aliuliza Hajja Inaam kwa upole, na hakuinua sufuria.

Midomo ya Riham ilikuwa imeanza kukunjamana kama alipokuwa mdogo.

Wagdi akaulaza mchi ndani ya kinu. Akaitoa simu kwenye chupa iliyoiegemea, akaishika kwa mikono miwili.

"Lirudishe sikio," alisema.

Sikio likarudi, karibu, lenye vinyweleo. Mama Tamer alifunga mlango wa ngazini, vigelegele vikabaki nje. Wagdi akaileta simu mdomoni mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Msikilize mama yako," alisema.

Mtoto akatikisa kidole kimoja.

"Mimi usinisikilize." Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia mfukoni mwa koti. Akanong'ona, kwa sauti ambayo hata Mama Tamer, pale mlangoni, hakuisikia.

"Msikilize bibi yako. Anaitwa Esmat."