Mpigaji wa Jumanne Asiyesema Kitu

Kila Jumanne saa nne asubuhi kuna mtu alikuwa anapiga simu, halafu hasemi kitu.

Mwanzoni nilidhani ni mhuni tu aliyekosa kazi.

Nilikuwa najitolea kwenye kituo cha ushauri wa simu kwa wazazi wenye watoto wenye usonji. Chumba kimoja, meza mbili, simu moja. Jina hatuulizi, namba ya mpigaji hatuioni, na mzazi akinyamaza hatumkatii. Wengine neno la kwanza huwachukua wiki kadhaa.

Basi huyu wangu akinyamaza, mimi naongea.

Nilimweleza kwamba mtoto anayeziba masikio si mtukutu, kelele zinamuumiza. Kwamba asiyeongea si kwamba hasikii. Nikamwambia hata binti yangu ana miaka saba, hajawahi kuniita mama, na siku hizi nalia bafuni nimefungulia maji.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mdomo mzito. Daktari alipotamka usonji, yeye alisema mtoto anadeka tu, atakua. Nikamwakia mbele ya ndugu zake, nikamwita baba wa jina tu.

Tangu siku hiyo, mwaka mzima, tuliishi kama wapangaji. Tukiongea, ni gesi imeisha, chumvi imeisha. Basi. Hata Jumanne naenda wapi hakuuliza. Upweke wa ndani ya nyumba yenye watu watatu usimwombee hata adui yako.

Jumanne ya kumi na moja, mpigaji akakohoa.

"Hivi, mtoto kama huyo ukitaka kumshika mkono, unaanzaje?"

Sauti ile niliijua kabla hajamaliza.

"Mume wangu, ni wewe? Ulijua ni mimi?"

"Nilitaka kumuuliza mtu asiyenijua, nikakukuta wewe. Nilitaka kukata." Akavuta pumzi. "Lakini mke wangu, mwaka mzima hujaongea na mimi hivyo."

Nilimwambia aje kituoni, nitamwonyesha. Alikuja na nguo za kazi.

Ndugu zangu, mwenzangu alikuwa hajui, mimi nikaona ana roho mbaya. Ukiwa na mtu nyumbani asiyeelewa, mweleze kwa subira ileile unayowapa wageni.

Sasa binti yetu anamkubali amshike, kidole kimoja tu. Ule mwaka mmoja aliishi bila baba, na baba alikuwa ndani humohumo, na mimi nilichangia kumnyima.