Tulivyopita Kilwa kama Watalii

Dola elfu nne mia mbili na themanini, watu wawili, kifungua kinywa ndani, chakula cha mchana mtajijua wenyewe. Hiyo ndiyo bei ya safari ile, ukiweka ndege, hoteli, basi, boti, kiingilio cha magofu na fulana mbili za njano. Nimeijumlisha mara mbili na mara zote mbili imetoka vilevile, maana mama alitunza risiti zote. Juzi nimezikuta zimefungwa kwa mpira, ndani ya fulana yenyewe. Mama anahama Temple Hills, huku Amerika, anakuja kukaa kwangu Germantown, nami nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Nikaikunjua ile fulana. Kifuani imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hatimaye tumerudi nyumbani. Nikakaa nayo kitandani, rafiki yangu, mpaka chai ikapoa.

Nilikulia kwenye nyumba ile ya kupanga, ghorofa ya pili, mimi na mama tu. Ukipanda ngazi ulijua tumepika nini kabla hujafika mlangoni. Jirani yetu wa chini alikuwa akisema anajua tarehe kwa harufu: mwanzo wa mwezi samaki wa kupaka na wali wa nazi, katikati maharage, mwishoni chapati na chai ya tangawizi. Nazi ilikuwa ya kopo. Mama alikuwa anaifungua huku anaiomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Kazi yake ilikuwa kulea wazee huko Arlington. Basi, treni, treni nyingine, kisha miguu. Waswahili wa huku huita kazi hizi kubeba boksi, hata kama unachobeba ni mzee wa watu, unamgeuza ubavu, unamlisha, unamfuta. Siku sita kwa wiki alilea mama wa watu wengine. Siku ya saba alimlea wa kwake kwa kadi ya simu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuikwangua kadi kwa sarafu na kumsomea tarakimu, polepole, mara mbili, kwa sababu ukikosea moja unaanza upya na dakika zinaliwa.

Bibi alikuwa Kilwa Masoko, lakini alizaliwa ng'ambo ya pili ya maji, Kisiwani, kwenye magofu ya masultani. Alikuwa akiniita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, na kila Jumapili alinigawia kipande cha Husuni: ngome ya mfalme juu ya jabali, vyumba mia na zaidi, meli za nchi zote chini yake, na katikati birika la pembe nane. Birika lile alinieleza mpaka nikaliona kichwani kubwa kama bwawa la kuogelea la shuleni kwetu. "Nitakupeleka mwenyewe, mke mwenza," alikuwa akisema. "Utakaa ukingoni uning'inize miguu." Mimi nilikuwa mtoto wa huku, mama akinisemesha Kiswahili namjibu Kiingereza. Kwa bibi tu ndipo nilipojikaza, maana yeye Kiingereza chake kilikuwa neno moja, "halo," na alilitumia lote mwanzoni.

Utaniuliza, mbona hatukwenda? Nami nilimuuliza mama hivyo hivyo. Mama alifungua kabati akanionyesha sanduku. Wewe unajua mila zetu: mtu aliyetoka Amerika hafiki kwao mikono mitupu. Si bibi tu. Ni mjomba, wake wa mjomba, watoto wa mama mdogo, aliyemfunza Kurani, jirani aliyemwazima sukari mwaka fulani. Orodha niliiandika mimi kwenye daftari la shule. Nilihesabu watu thelathini na wanane. Nikihesabu tena thelathini na tisa, kwa sababu huku nyuma kuna mtu amezaliwa. Sanduku likikaribia kujaa sabuni, viatu, manukato na vidonge vya vitamini, simu inalia: paa limeng'oka, mtoto amefukuzwa shule kwa ada, mjomba yuko hospitali. Pesa ya tiketi inakwenda kwa paa, na vya sandukuni anapewa yeyote anayesafiri. Kisha tunaanza tena na sabuni. Nilikua nikitazama sanduku lile likijaa na kupwa.

Ndipo jirani wa chini akaja na habari. Alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, mstaafu, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa lake. Yeye na wenzake walikuwa wakidunduliza miaka mitatu waende Afrika kutafuta asili. Dar, Kilwa, Unguja. Watu wawili wamejitoa, nafasi zipo, na kwa kuwa zimelipiwa nusu, zinauzwa nusu. Aliketi kwenye kochi letu akamshika mama mkono. "Wewe si kutafuta," alimwambia. "Wewe ni kurudi tu."

Mama yangu ni mtu wa kubishania nyanya tatu kwenye duka lenye bei zilizobandikwa, na nusu bei kwake ni kama adhana. Siku ya tatu alishuka ngazi na bahasha. Akapanda akanikalisha. Tutakwenda, akasema, lakini hatuendi kwetu. Tunakwenda kutembea, kama watalii. Mtu asijue. Tukiwaambia, tunakwenda na sanduku, na sanduku halipo. "Na bibi?" nikauliza. Akasema bibi tutamwona. Tutapenya jioni, sisi wawili, dakika kumi, tumbusu mikono, tumwombe afiche siri. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimwamini. Jumamosi ile nilikwenda soko la mitumba nikamnunulia bibi miwani ya kusomea. Muuzaji alitaka dola nne, nikampa mbili na nusu.

Kwa hiyo, rafiki yangu, mama yangu aliiona Kilwa tena baada ya miaka kumi na miwili akiwa kwenye basi la watalii kumi na wanane, kofia mpaka nyusi, miwani nyeusi, fulana ya njano kama wenzake. Tulifika Masoko usiku umeshaingia, akasema kesho, tukitoka kisiwani. Usiku kucha hakugeuka kitandani hata mara moja, na mtu aliyelala hugeuka.

Asubuhi tukavushwa kwa boti ya mashine. Pale tulipoteremka, chini ya ukuta wa Gereza, ngome ya zamani, mwanamke mzee alikuwa ameketi na sinia ya vitumbua. Watalii walikuwa wamefundishwa na mwongozaji kusema "jambo," wakapita mmoja mmoja, jambo, jambo, na yule mzee akiitika jambo kama mtu anayefukuza nzi. Ikafika zamu ya mama. Sijui kama alijua anachofanya. Goti likainama kidogo, kichwa kikashuka, na kinywa kikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika yule mzee, mkono bado kwenye sinia. Kisha mkono ukasimama. Akainua uso. "Eh. Watalii wa leo wana adabu. Hebu vua hiyo miwani nikuone. Wewe si mtoto wa somo yangu wa Masoko?"

Mama akamjibu kwa Kiingereza kwamba anasikitika, haelewi.

"Goti limenielewa, ulimi haunielewi," akasema yule mzee. Hakukasirika, alikuwa akimtazama tu, kidevu, paji la uso, kama anayekagua kitambaa. Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu mdogo? Naye hajui Kiswahili?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama maji. Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Ndiyo, nilikana Kiswahili kwa kujibu swali la Kiswahili, na yule mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Haya. Karibuni, wageni wetu. Vitumbua vitatu shilingi mia."

Mama akatoa noti ya elfu tano, akachukua vitatu, akaondoka. Hakungoja chenji. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada.

Husuni ni mwendo mzuri kutoka pale, kwa miguu. Mwongozaji alieleza vyumba, ua, mahali pa kuhifadhia bidhaa. Kuta zilikuwa zimebaki kimo cha kifua, nyingine kimo cha goti, mbuzi juu yake. Tulipofika kwenye birika, jirani yetu wa chini aliketi ukingoni akalia. Alilia kwa sauti ileile ya kwaya, na wenzake wakamshika mabega, na mimi sikumcheka wakati ule na simcheki leo. Alikuwa amekuja mbali kulilia watu asiowajua majina. Mama alisimama nyuma yao. Mama yake wa kumzaa alikuwa ng'ambo ya maji yale, pengine anapepeta mchele, naye macho yake, nyuma ya miwani ile, makavu. Nilimvuta mkono nikamuuliza kwa Kiingereza, tunakwenda saa ngapi. Akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Yule mzee wa vitumbua ataongea. Tukitia mguu pale, mpaka magharibi mji mzima uko mlangoni, na mimi nina nini cha kuwapa?"

Nikamwambia nina miwani. Akanishika kichwa akakibana ubavuni kwake, kwa nguvu, mpaka sikio likauma.

Mchana ule tulivuka tena, na basi likageuza kurudi Dar. Lilipita katikati ya Masoko taratibu, kwa sababu ya ng'ombe. Mama akagusa kioo kwa kidole. "Ile," akasema, "yenye bati jekundu." Lilikuwa bati alilolinunua yeye, la kuezekea paa lile lililong'oka, na ndiyo mara ya kwanza analiona. Barazani kulikuwa na mtu ameketi, kajitanda kanga. Wanawake wa pale wote hujitanda kanga. Jirani yetu akainama kutoka kiti cha mbele akauliza kama watu wetu wanakaa karibu na hapa. Mama akamwambia hapana, mbali, mbali sana na hapa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Temple Hills. Nikakwangua kadi. Mama alipenda kuweka simu kwenye spika ili mikono iwe huru kupika, kwa hiyo nilisikia yote.

"Somo yangu wa Kisiwani alinijia," akasema bibi baada ya salamu. "Kavuka maji na miguu yake ile mibovu. Anasema kamwona mwanangu kavaa fulana ya njano."

"Si mimi, mama. Watu hufanana."

"Hufanana."

"Mimi nikija nitakuja kama watu. Nitakuja na sanduku."

"Sanduku nilikuomba lini?" akasema bibi. Mwiko ulikuwa mkononi mwa mama, na mchuzi unashika chini. "Haya, mwanangu," bibi akasema, "basi si wewe. Nipe mke mwenza nimsalimu."

Mama akatoa simu kwenye spika, akanipa, akaenda bafuni akafungua maji. Bibi akaniuliza shule, akaniuliza baridi. Kisha akauliza, sauti ileile ya kuuliza baridi: "Na lile birika, mke mwenza, umelionaje?"

"Dogo, bibi," nikasema. "Nilidhani kubwa."

Nikasikia alivyonyamaza. Kunyamaza kwa simu ya kadi ni kitu cha gharama, na yeye alijua, na bado alinyamaza.

"Ni kwa sababu halina maji," akasema mwishoni. "Usimwambie mama yako kwamba umeniambia. Mwache na uongo wake, umemgharimu sana."

Masika yaliyofuata bibi alifariki, akazikwa siku ileile, kabla mama hajatoka kazini. Tulifanya hitima pale ghorofa ya pili, watu chini kwenye mikeka mpaka kwenye ngazi, jirani yetu akaleta mkate wa mahindi akaketi na wanawake wa Kiislamu kichwa kimefunikwa. Wanawake walipomzunguka mama kumpa pole, nilimsikia akimwambia mmoja, "Angalau kaondoka hajui." Miwani niliyomnunulia bibi niliipeleka shuleni nikampa mwalimu wangu wa hesabu. Alinishukuru kupita kiasi.

Sasa hayo yote yamekwisha. Jirani amekufa, kwaya yake imetawanyika. Nyumba ya bati jekundu mjomba aliiuza, na paa ndani ya bei. Siku hizi kupiga Kilwa ni bure, na sura unaiona, na sina wa kumpigia. Kadi zile za kukwangua nilizitafuta kabatini kwa mama, sikupata hata moja. Yeye mwenyewe amezeeka. Wazee aliowalea wamepita wote, na mwezi huu ni zamu yangu kumpikia.

Juzi nilipokuwa namleta Germantown, magari yamesimama, mizigo imejaa kiti cha nyuma, alitazama nje muda mrefu kisha akasema lile neno lake, kama asemavyo kila mwaka: "Mungu alinisitiri. Mama hakujua." Nikasema ndiyo, mama. Nimesema ndiyo hiyo miaka ishirini.

Lakini sasa nitakuwa naisema mezani kwangu, asubuhi na jioni. Bibi aliniamuru ninyamaze, na sikumuuliza kama ulikuwa msamaha au hasira ya mtu mwenye adabu, nilikuwa mtoto. Nikimwambia mama, namvua sitara aliyojifunika tangu siku ile. Nikinyamaza, atakufa akidhani hakuna aliyejua akampenda hivyo hivyo. Wewe uliyezika wazazi wako, nishauri. Nimwambie, au nimwache?