Mwosha Aliyehamia kwa Wazima

Mbaruku alirithi kazi ya kuosha maiti kwa baba yake, kama mwingine anavyorithi shamba la minazi. Baba mikono ilipoanza kumtetemeka, mwana akashika kata ya maji, na tangu hapo mwanamume akifa Kaole, wa kwanza kufuatwa alikuwa yeye. Alikuwa na mikono mipole na mdomo mzito, na kazi ile inataka hivyo viwili. Alichokiona chini ya guo la kuoshea hakukitoa nje, hata kwa mkewe. Kwa mkewe hasa, maana Mize alikuwa hodari wa kuuliza.

Mwaka 1994, Mbaruku akiwa na miaka thelathini na miwili, akina mama saba wa darasa la Alhamisi la Bi Ashatu walianzisha shughuli yao. Darasa likisha walibeba uji na mafuta ya kuchua, wakazunguka kwa wazee waliobaki peke yao, watoto wameshahamia Dar es Salaam. Waliwafulia, wakawakata kucha, wakawaogesha walio bibi. Kikundi wakakiita Ihsani. Lakini mababu je? Mwanamke wa watu hawezi kumvua nguo mwanamume asiye mume wake wala mwanawe. Kwa hiyo mababu walinyweshwa uji wakaachwa na jasho lao la wiki nzima. Bi Ashatu, ambaye hakuwa na subira na jambo lisilo na akili, akasema atafutwe mwanamume. Waume wa wale akina mama waliulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja ghafla mgongo ukamuuma.

Ndipo Bi Ashatu akamkumbuka Mbaruku.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe unajua kumgeuza mtu bila kumvunjia heshima. Wafu una siku nyingi nao. Hebu njoo na kwa wazima."

Mzee wa kwanza alikuwa Mwinyijuma wa Mlingotini, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Mbaruku alifika kwa baiskeli asubuhi, ndoo mkononi, guo jeupe begani, sabuni mfukoni. Majirani wakamwona anaingia. Na watu wa huko ukiwapa habari nusu, nusu iliyobaki wanaipika wenyewe.

Ndani, Mzee Mwinyijuma alifumbua macho, akaona ni nani amesimama kando ya kitanda chake.

"Mmeniletea mwosha!" akapiga ukelele. "Mimi sijafa! Mbaruku, sijafa!"

"Najua, mzee wangu. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako!"

Ilichukua saa nzima kumtuliza, na nusu saa kumwogesha. Mbaruku alipomtoa nje amsogeze juani, safi, ananukia sabuni, ua mzima ulikuwa umejaa. Majamvi yametandikwa, nazi zinakunwa, vijana wawili wameshatumwa kuchimba kaburi. Marehemu mwenyewe akawakuta wanakunywa kahawa. Aliwatukana kwa mama zao wote, kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu, akawarushia ndara.

Kisa kile kiliwachekesha watu mwezi mzima. Bi Ashatu hakucheka, kwa sababu mababu sasa walikuwa wakifunga milango wakisikia kengele ya baiskeli ya Mbaruku. Akamwita, akamtaka achague: wafu au wazima, si wote wawili.

Mbaruku alikaa siku tatu bila usingizi. Kuosha maiti ni thawabu kubwa, na ilikuwa heshima ya nyumba yao. Mwisho akapiga moyo konde, akamwendea baba yake.

"Maiti hakosi mwosha, baba. Msikiti mzima una wajibu naye. Mzee Mwinyijuma hana mtu."

Baba hakumsemesha mpaka mwezi ulipoandama. Ihsani ilipoandikishwa serikalini, sharti lile likatiwa kwenye katiba: anayeogesha wazee haoshi maiti. Mbaruku akatia sahihi na dole gumba lake chini ya maandishi hayo, na alilishika sharti hilo miaka thelathini kasoro.

Katika miaka hiyo Ihsani ilikua, tena si kwa kelele. Kwanza walikataa katakata kulaza wazee, maana kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya kulea ilikuwa aibu, ni kumtupa. Kisha mwaka 2004 akafa bibi mmoja peke yake, akagunduliwa siku ya tatu, na mazungumzo ya aibu yakabadilika. Kanta, Mhindi mjane wa Chandulal aliyekuwa akiuza vitambaa vya bafta mjini Bagamoyo, akawapa nyumba ya marehemu mumewe. Walianza na vitanda vinne. Waliopeleka wazazi wao walisemwa barazani, na mwaka uliofuata wale waliosema wakaja kuulizia nafasi. Leo vitanda ni thelathini na kimoja, kuna muuguzi, kuna bajaji ya kuwafikia walio majumbani, kuna vijana wenye vyeti vya kulea wazee. Kanta mwenyewe amerudi kuishi chumba cha mbele cha nyumba yake, na jikoni ana sufuria yake isiyoguswa na nyama. Bi Ashatu alishatangulia mbele ya haki, na anayeendesha mambo sasa ni binti yake, Najma.

Mwaka 2019 aliletwa Abdulwahabu, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemfundisha Mbaruku kusoma na kumchapa alipokosea. Siku arobaini alikataa kuogeshwa. Alijimwagia mwenyewe, mlango kafunga, mpaka akateleza. Mbaruku alipomwinua pale chini ndipo alipoelewa. Mwalimu alikuwa na busha, kubwa, la miaka mingi, na kanzu zake pana zote zilikuwa za kulificha. Si kitu cha ajabu mwambao ule. Madaktari walishapita wakiwapasua watu bure, ila Mwalimu aliona haya kupanga foleni na aliowafundisha.

Mbaruku alimwogesha kama anavyowaogesha wote, guo juu, mkono chini ya guo. Ikawa hivyo miaka mitano.

Siku moja, anasuguliwa mgongo, Mwalimu akasema, "Nikifa utaniosha wewe."

"Mwalimu, mimi siruhusiwi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Waosha wa siku hizi wana midomo. Nitakuwa gumzo la baraza kabla sijafika kaburini."

"Inshallah, Mwalimu."

"Usinipe inshallah ya kukwepa, Mbaruku. Nakujua tangu darasa la kwanza."

Mbaruku akasuuza mgongo ule taratibu. "Nitakuosha," akasema.

Mwalimu Abdulwahabu alifariki Ijumaa moja asubuhi, baada ya chai. Mbaruku alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Najma, akamweleza kwamba atamwosha yeye. Sababu hakuitoa.

"Mjomba Mbaruku," Najma akasema, "unajua wazee watakukataa. Na wakikukataa siwezi kuwalazimisha. Katiba ni ya mama."

"Naijua. Dole langu limo."

"Una miaka sitini na miwili. Utafanya kazi gani nyingine?"

Mbaruku aliumia moyo kweli, kwa sababu kazi nyingine hakuitaka. Alimchukua mpwa wa marehemu, Ibrahimu, awe wa kumwaga maji tu, akamwambia ageuzie uso ukutani. Mikono ilikumbuka yenyewe. Kwa heshima alimwosha, akamkausha, akamtia karafuu maiti, akamvika sanda, na mtu mwingine hakuona kitu. Alasiri wakamzika.

Kesho yake Mzee Mgeni, mwenzake Mwalimu chumbani, alimtoa nje. Mgeni alikuwa dalali wa samaki enzi zake, na sauti ya mnadani hajaiacha.

"Unanukia karafuu maiti! Toka! Jana mwenzangu, leo mimi?"

Mbaruku alikuwa ameshaoga mara tatu. Vyumba vinne vilivyofuata vilimjibu vivyo hivyo. Najma, macho yamemwiva, akampa kazi ya kumwagilia mchicha nyuma ya jiko. Wiki nzima alimwagilia mchicha ambao haukuwa na haja ya maji kiasi kile. Nyumbani alikula vijiko viwili, akasukuma sahani.

Siku ya nane Mzee Mgeni akamwita barazani. Wazee wote walikuwepo.

"Mbaruku, uliacha kazi ya miaka thelathini kwa ajili ya maiti mmoja. Alikuwa na nini Mwalimu, kisichotakiwa kuonwa na mwosha mwingine? Tuambie tu. Ukitueleza tukaelewa, tutakurudisha."

Neno moja lilitosha. Wangetikisa vichwa, wangesema maskini, na yeye angerudi kwenye ndoo yake. Mbaruku alitazama vidole vyake vilivyojaa udongo.

"Alikuwa mzee wangu," akasema. "Nilimwosha, nikamstiri. Basi."

"Hata mimi niliyelala naye chumba kimoja huniambii?"

"Hata wewe."

"Hata tukikukataa kabisa?"

"Nitamwagilia mchicha."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mgeni akavuta kikoi chake kikamfunika magoti, akakishikilia pale kwa muda.

"Leo nitaoga," akasema hatimaye, bila kumtazama. "Maji yawe ya moto. Vijana wako hawa wananipa vuguvugu."

Mbaruku akanawa udongo, akaenda kuchota. Bafuni akamkalisha Mgeni kwenye kiti, akamtandazia guo, akaanza mabegani. Maji yakamfika mzee kiunoni.

"Na siku yangu je, Mbaruku? Utanistiri nami?"

"Siku yako bado, mzee wangu. Inua mkono."

Mzee Mgeni akainua mkono.