Nilikwenda Bukoba Kumrudisha Koku

Niliondoka kwangu Muleba kwa sababu mwanangu Projestus aligoma kula. Alisikia kilabuni kwamba binti yake Koku, ambaye nimemlea mimi, alipiga mayowe ya msiba huko Kanazi na hakuna aliyekufa. Kwetu Uhayani mayowe ya msiba hayachezewi. Ukiyasikia unatupa jembe hapo hapo, maana ardhi hailimwi maiti ikiwa ndani. Unakata mkungu wa ndizi, unafunga maharage kwenye jani, unakimbia. Watu wa Kanazi walikimbia na mikungu kichwani, wakakuta kikundi cha maigizo kinafanya mazoezi nyuma ya shule.

"Mama, kamlete," Projestus aliniambia. "Anayelia bila maiti anaita maiti. Asipokuja, mimi sina binti."

Nikamwambia nitamleta, na nilimaanisha. Mimi niliingia darasa la watu wazima na mvi kichwani, nikajua kuandika jina langu, sasa naandika na haya. Lakini kilio nilikijua kabla ya herufi, na najua hakipigwi hovyo.

Asubuhi na mapema nilipanda lori la kahawa. Dereva aliniweka mbele kwa sababu magoti yangu hayapandi tena juu ya magunia.

"Bibi, unakwenda hospitali?"

"Nakwenda kumchukua mjukuu wangu. Anaigiza."

"Koku? Yule wa kulia?" Nusura atuingize mtaroni. "Nimemwona mara nne. Mara ya nne nilishajua kila neno na bado nikalia. Mke wangu alinicheka mpaka nyumbani."

"Alifanya vizuri kukucheka," nikamwambia.

Kanazi tulisimama kupakia. Nilimfuata mwanamke aliyekuwa anaanika kahawa, mtoto mgongoni, nikajitaja kuwa bibi yake Koku. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akapiga magoti kunisalimu, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Siku ile nilikuwa na mimba ya huyu, miezi minane," alisema. "Nilikimbia na mkungu. Nilipofika nikamtukana mjukuu wako matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Kesho yake alirudi peke yake kwa miguu, akapiga magoti kila nyumba aliyoisumbua. Kwangu hakunikuta, akarudi jioni. Wazee wakamwambia: binti, lia unavyotaka, ila utuambie kwanza."

Nilitafuna kahawa yangu. Habari hiyo haikuwa imefika kilabuni.

Mchana nilifika Kitendaguro, Bukoba mjini, kwenye nyumba anakopanga Koku. Mwenye nyumba ni Bi Mwanaidi, Mwislamu, mzaliwa wa Bukoba ambaye babu zake walitoka pwani. Alinipa matoke kwa samaki wa ziwani na maneno mengi.

"Mama mkubwa, mjukuu wako akianza kulia uani, kuku wangu hawatagi."

"Mfukuze basi."

"Nimfukuze? Mayai nanunua sokoni. Huyu nitamnunua wapi?"

Koku alirudi jua likiwa bado juu. Amekonda, na karani wa duka alimsalimia barabarani kwa jina kama anasalimia mkuu wa wilaya. Akapiga magoti mbele yangu. Tulikaa uani tukimenya ndizi, nikamwambia bila kuzunguka kwamba nimekuja kumrudisha.

"Ukisema twende, nitakwenda," alisema. "Wewe siwezi kukukatalia. Ila uje Maruku kesho tunakocheza, uone kwanza unachonikataza."

Nikamwuliza kama sifa zimemlevya.

"Wakinipigia makofi nafurahi, Bibi, siwezi kukudanganya. Hata Dar es Salaam wamenitaka. Lakini siku ile Kanazi yule mama mjamzito alinikuta nyuma ya darasa nacheka. Ana jasho, ana mkungu kichwani, na mimi nacheka kwa sababu nimelia vizuri. Nikajiona mwizi. Tangu siku hiyo sichezi mahali sijapiga hodi. Na Dar nimewaambia wangoje, nataka kwanza nicheze nyumbani, Baba akiniangalia."

"Baba yako hatakuja."

"Najua. Ndiyo maana nyumbani sijacheza."

Asubuhi tulikuwa Maruku. Nilidhani tutakwenda moja kwa moja uwanjani. Wapi! Tulianza na nyumba ya kwanza baada ya barabara, tukaingia kibanja baada ya kibanja, chini ya migomba yenye umande, mpaka kanga zetu zikalowa. Kila mlango Koku anapiga magoti, msichana ambaye picha yake imebandikwa mjini, magoti kwenye matope. "Waitu, watu wetu, leo mchana mtasikia mwanamke analia. Ni mimi. Hakuna aliyekufa. Msiache jembe." Mzee mmoja akamwuliza, "Na akifa mtu kweli leo, tutajuaje?" Koku akamjibu kwa jina letu la heshima kwa wazee, "Nitanyamaza, Ta, niwaachie nyinyi." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nilihesabu milango kumi na tisa nikachoka, nikaketi juu ya jiwe. Yeye akaendelea.

Mchana uwanja ulijaa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mjane. Mume kalala ndani, na kaka wa mume anapima kibanja kwa hatua zake, moja, mbili, tatu, hata kaburi halijachimbwa. Hayo ni yangu. Mume wangu alipokufa, shemeji yangu Ta Laurenti alipima hivyo hivyo, na Projestus, mtoto wa miaka saba, kashika kanga yangu. Shemeji akachukua upande wenye udongo mweusi, akatuachia upande wa mawe. Nilimsimulia Koku alipokuwa mdogo, tukimenya ndizi, nikadhani hasikilizi.

Kisha akalia.

Nisemeje? Sauti ilianza chini, kama mtu anayeinua mzigo, ikapanda, ikakatika mahali ambapo yangu ilikatika siku ile. Hakuwepo siku ile! Hakuwa hata amezaliwa. Nilijua hakuna maiti, nilipita milango kumi na tisa kuwaambia wenzangu hivyo. Lakini mikono yangu ilipanda kichwani yenyewe, nikasimama, nikamwitikia. Wanawake wote wa Maruku wakaitikia. Wanaume wakatazama chini. Miaka yote nililia kilio kile peke yangu, na ndugu wa mume walikaa wakisubiri nimalize. Siku hiyo uwanja mzima ulinijibu.

Alipokuja kwangu baadaye, uso umemvimba kwa machozi, nilimwambia, "Hatuendi pamoja. Nakwenda peke yangu. Wewe uje Jumamosi, na wenzako wote."

Keshokutwa yake jioni nilishuka lori pale njia panda ya kwetu, nikawapigia hodi majirani mmoja mmoja, magoti yakiuma. Hapo ndipo nilipojua kwa nini Koku anafanya vile. Nilidhani kuigiza ni kudanganya watu, kumbe mjukuu wangu ameona kwamba huwezi kumwomba mtu machozi yake kabla hujamheshimu mlangoni kwake. Mimi, mzee, nimefundishwa hilo na mtoto.

Projestus nilimkuta kwenye upande wa mawe, analima.

"Yuko wapi?"

"Anakuja Jumamosi kucheza hapa. Nimesikia analia, mwanangu. Analia siku ile tuliyopimiwa kibanja. Hakukosea hata pumzi."

Aligonga jiwe kwa jembe, akagonga tena.

"Majirani nimewaambia wote," nikaendelea, "wasije wakatupa majembe bure. Imebaki nyumba moja. Ya Ta Laurenti. Anazeeka, akisikia sauti ile bila kuambiwa atadhani ni mizimu. Hiyo utakwenda wewe."

"Sijakanyaga kwake tangu utoto."

"Koku angekwenda. Ndiyo kazi yake."

Aliegemea jembe. Kisha akaliacha pale kwenye mawe, akaenda kunawa miguu, akaniuliza lile shati lake la kanisani liko wapi.